Petero Mwero, Mtu wa Shoka la Kiraho

Alizaliwa katika kijiji cha Mtsangani, mwendo wa nusu siku kutoka Kinango ukielekea Samburu, mwaka ambao homa kuu ilipita baada ya vita vya kwanza ikazoa watu nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo wazee hukadiria kuwa ulikuwa mwaka 1918 au 1919. Baba yake aliitwa Garama wa Tsuma, Mduruma, mfuga ng'ombe na mbuzi, na juu ya hayo mwenye shoka la kiraho. Mama yake alifariki kabla hajamwachisha ziwa, akalelewa kwa maziwa ya mbuzi na kwa mgongo wa kaka yake mkubwa, Dzombo, aliyembeba hata malishoni. Alipewa jina la Mwero. Jina la Petero hakulipata mpaka alipokuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza na dhambi nyingi, na miaka aliyoishi nalo haikufika minne.

Kiraho ni kiapo. Mtu akishukiwa uchawi au wizi, na maneno yakashindwa kuimaliza kesi, wazee walimwita mwenye shoka. Shoka lilitiwa motoni mpaka chuma kikawa chekundu. Mshukiwa alifungua kiganja cha mkono wa kulia, kikapakwa maji ya majani, kisha mwenye shoka akalipitisha bapa la chuma juu ya kiganja hicho mara nne huku akitamka maneno ya kiapo. Asiye na kosa hakuungua. Aliyeungua ndiye mwenye kosa, na baada ya hapo hapakuwa na pa kukata rufaa. Garama alimfundisha mwanawe kuni za kutumia, rangi ya chuma kinapofaa kutolewa, na wepesi wa mkono. Alimwambia, "Mkono ni wako, lakini anayechagua ni shoka. Wewe usichague." Mwero aliyaamini maneno hayo kwa moyo wake wote. Baba yake alipokufa mwaka 1946, akalirithi shoka.

Tangu hapo aliogopwa. Akifika penye pombe ya mnazi watu walimpisha kigoda kabla hajasema. Watoto walinyamaza akipita. Mkewe, Jumwa, alimpiga kwa chumvi iliyozidi na kwa chumvi iliyopungua, na hakuna mzee aliyethubutu kumuuliza. Hakuwa mwizi wala mwongo, wala hakupokea hongo ya mtu yeyote. Jambo hili hata maadui zake walilishuhudia. Alikuwa mtu mgumu aliyejiona mnyofu. Watu wa namna hiyo ndio wanaochelewa kutubu, kwa sababu hawaoni pa kuanzia.

Mwaka 1954, katika miezi ya kiangazi, watoto watatu wa mwanamke mmoja aitwaye Shutu walikufa kwa surua ndani ya majuma mawili. Katika Mtsangani ya siku zile kifo hakikuruhusiwa kuja chenyewe. Lazima awepo aliyekituma. Minong'ono ilizunguka lambo la maji, ikapita malishoni, ikaja kutua juu ya Mbeyu, mke wa Dzombo, kwa kuwa yeye ndiye aliyewapelekea watoto wale uji walipokuwa wagonjwa. Mbeyu alikuwa mwanamke mcheshi, mwenye kujibu haraka, na wanaojibu haraka hawakosi watu wa kuwachukia. Aliitwa kwenye kiraho. Alikwenda bila woga, mtoto wake Sidi wa miaka miwili akiwa mgongoni, kwa sababu alijua hakufanya neno. Kabla ya kufungua kiganja alimtania mwenye shoka, "Shemeji, fanya upesi, nimeacha mbaazi motoni." Shoka lilipita mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu, watu wote wakiwa wamekaza macho, lilikawia. Mara ya nne lilikawia zaidi. Mbeyu akapiga yowe, na kiganja kikatoka ngozi.

Dzombo alimwondoa mtoto mgongoni mwa mkewe kwa mikono yake mwenyewe. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Ondoka kabla jua halijageuka." Mbeyu akaondoka na nguo aliyovaa, mkono ameukumbatia kifuani, akashika njia ya Kwale kuelekea pwani. Mwero alilifunga shoka katika ngozi ya mbuzi, akaenda zake kunywa. Watu walisema shoka limesafisha kijiji.

Miaka saba ikapita hivyo. Kisha ikaja njaa ya mwaka 1961, ukame ulioua ng'ombe mpaka tai wakachagua nyama. Misheni iliyokuwa karibu na Kinango iligawa mahindi ya manjano ya msaada, na Mwero, aliyekuwa na ng'ombe arobaini, alibaki na wawili, akasimama katika mstari pamoja na wajane. Chini ya paa la makuti la misheni walilazwa watoto waliodhoofika, na surua ikaingia kati yao. Kwa siku tisa aliwaona wakifa, wa Kinango, wa Samburu, wa mbali asikokujua, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunywa uji wa Mbeyu. Siku ya tisa alimwendea katekista, Yohana Katana, kijana aliyetoka Rabai, akamuuliza, "Mwalimu, huu ugonjwa wa madoa, hapa ameuleta nani?"

Katana alikuwa akichimba kaburi dogo. Akajibu bila kuacha kuchimba, "Haukuletwa na mtu, mzee. Unapita kama upepo. Ukimkuta mtoto mwenye njaa, unamchukua."

"Hakuna aliyewaroga?"

"Sasa awaroge nani, na ili iwe nini? Tazama walivyo."

Mwero aliketi juu ya udongo ule uliochimbuliwa. Kaburi likafukiwa. Kisha akamwambia Katana habari ya shoka, yote tangu mwanzo, na Katana, ambaye hakujua kuwa jibu lake litabadili maisha ya watu wengi, akamuuliza swali moja tu: "Mzee, katika miaka yote hiyo, kiganja chako mwenyewe umewahi kukipitishia shoka?" Hapo Mwero akaona alichokuwa amekiona kila siku bila kukitazama. Shoka halikuchagua kamwe. Ulikuwa mkono wake uliochagua, na mkono wake ulisikiliza minong'ono. Palipokuwa na jina lililonong'onwa na wengi, mkono ulipunguza mwendo, naye akajiambia kuwa ni chuma kinachovuta. Akahesabu walioungua kwa mkono wake, akapata kumi na mmoja. Wanne walikwisha kufa. Sita haikujulikana waliko. Mmoja alijulikana: Mbeyu, aliyeonekana na wachuuzi huko Msambweni, mkono wake mmoja umejikunja.

Alilipeleka shoka kwa mhunzi likafuliwa majembe mawili madogo, akawapa wajane. Akafundishwa imani, akabatizwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 22 Aprili 1962, akaitwa Petero. Tangu siku hiyo mwenendo wake wa kila siku ulibadilika, mpaka watu wakadhani amerogwa. Aliacha mnazi. Aliacha kumpiga mkewe. Aliketi kula pamoja na Jumwa, mwanawe Tsuma na watoto wengine katika sinia moja, jambo ambalo mwanamume wa Mtsangani hakulifanya. Kila alfajiri alibeba debe mpaka lambo, akalijaza, akalirudisha kichwani kama wanawake, ili Jumwa, aliyekuwa na mimba, apumzike. Wanawake wenye midomo walimngoja njiani.

"Jamani, njooni mwone! Mwenye shoka kabeba debe!"

"Baba Tsuma, na kanga utajifunga lini?"

"Nikipata ya kunitosha, mama," alijibu, na maji yalimmwagikia shingoni kwa sababu hakuwa amezoea.

Jumwa mwenyewe hakufurahi kama tunavyoweza kudhani. Alimwambia siku moja wakipukuchua mahindi, "Baba Tsuma, miaka kumi na sita nimekuogopa. Sasa nakuonea huruma. Sijui lipi linachosha zaidi." Petero hakujitetea. Alijua kuwa mtu aliyepigwa miaka kumi na sita haponi kwa debe la maji, naye akaendelea kulibeba.

Mwezi Juni mwaka huo huo alishika njia kwa miguu, akapita Kwale, akateremkia Ukunda, akapita Galu, na siku ya tatu akafika Msambweni. Alikuwa na jambo moja moyoni: amwone Mbeyu, amwombe radhi, amrudishe kwa mwanawe, na jina lake lisafishwe mbele ya wale walioliharibu. Kwa jambo hilo moja aliishi tangu siku ile, na kwa hilo alikufa. Mbeyu alikuwa amepokewa na mjane Mwislamu aitwaye Mishi, aliyeuza makuti, mwanamke wa maneno makali na moyo mwepesi. Petero alipiga hodi, akaeleza yeye ni nani. Mishi akageukia ndani, akaita, "Mbeyu! Kuna mzee hapa, vumbi mpaka kwenye nyusi, asema ni shemeji yako. Nimpe maji au nimpe mchi?"

"Mpe maji," sauti ilisema. "Mchi baadaye."

Mbeyu alikuwa akisuka makuti kwa mkono wa kushoto, jani likiwa limebanwa kati ya magoti. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja ndani kama makucha ya ndege aliyekufa. Petero akapiga magoti. "Shemeji," alisema, "hukukosa wewe. Watu walinong'ona jina lako, mkono wangu ukasikia, ukapunguza mwendo."

Mbeyu aliendelea kusuka. "Ulijua?"

"Sikujua." Kisha akasema, "Nilijua mkono unapungua. Nikajiambia ni shoka."

"Sidi ni mzima?"

"Mzima. Ana miaka kumi. Ana ulimi wako."

"Akisikia nikitajwa, husema nini?"

Petero alinyamaza, kwa maana Sidi alilelewa akiambiwa kuwa mama yake alikula watoto wa watu. Mbeyu aliuelewa unyamavu huo. Akaliweka kuti chini, akasema maneno ambayo Petero aliyachukua mpaka kaburini: "Hili uliloniambia nalijua tangu siku ile. Kiganja ni changu. Waambie waliosimama wakatazama. Wakikubali, wakaja hapa kunichukua kwa miguu yao, hapo nitakaa nikusikilize hiyo habari yako ya radhi."

Petero akarudi, akawaomba wazee wa Mtsangani wakutane. Akasimama akakiri mbele yao, akataja majina yote kumi na moja. Alidhani kweli ikisemwa inatosha. Dzombo, ambaye sasa alikuwa na mke mwingine na watoto wadogo, alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mdogo wangu, umefikiri unalosema? Shoka likiwa lilidanganya kwa Mbeyu, basi lilidanganya kwa wote. Kila nyumba hapa ina mtu iliyemfukuza. Leo uwarudishe wote mlangoni, nani atafungua?" Naye Shutu, mama wa watoto watatu, alisimama kwa hasira akapiga kelele, "Kumi na moja umehesabu. Wangu watatu umewahesabu? Kama si Mbeyu, niambie nani!" Petero akamwambia ni surua. Shutu akatema mate. "Surua haina macho. Iliwaonaje wangu, ikawaacha wa jirani?" Wakaondoka mmoja mmoja. Petero alitolewa katika baraza la wazee, na kuanzia siku hiyo mbuzi wake wakipotea hakuna aliyewatafuta pamoja naye.

Kila mwaka baada ya mavuno, hata kama mavuno yalikuwa gunzi tupu, alitembea siku tatu mpaka Msambweni kumpa Mbeyu habari. Mbeyu aliuliza, "Wamesikia?" Naye alijibu, "Bado, shemeji." Mishi alimpa Petero chakula, naye akalala, akarudi. Tarehe 12 Desemba 1963, bendera ya Uhuru ilipopandishwa, watu walikusanyika Kinango kwa ngoma na hotuba, na Petero akaona kuwa siku ya watu kuwekwa huru ndiyo siku ya kusema. Alipanda juu ya meza akaanza, "Ndugu zangu, yuko mwanamke aliyefungwa bila kosa." Wakadhani anasema habari za Mwingereza, wakapiga vigelegele. Alipolitaja jina la Mbeyu, vijana wakamshusha taratibu kwa kumshika makwapa. "Mzee, leo ni siku ya furaha. Hayo ya uchawi tutayasema kesho." Kesho yake hakuna aliyemwita.

Ndipo alipoingia katika giza ambalo watumishi wengi wa Mungu wamelipitia, na ambalo kwake halikuondoka tena. Alisali na hakusikia chochote. Alimwambia Katana, "Mwalimu, uliniambia Mungu amenisamehe. Lakini Mbeyu bado yuko Msambweni na mkono umekunjika. Huo ni msamaha gani, unaoniosha mimi ukamwacha yeye?" Katana alikuwa mtu mkweli. Alisema, "Sijui, mzee Petero. Nilifundishwa kuwaandaa watu kwa ubatizo. Hili sikufundishwa." Petero aliendelea kusali kila asubuhi, si kwa sababu alipata faraja, bali kwa sababu aliahidi.

Kikaja kiangazi cha mwaka 1965, kilichokausha lambo mpaka matope yakapasuka. Watoto wakaanza kufa tena, na minong'ono ikaanza tena kutafuta mtu. Hapa twaona jambo la kuhuzunisha kuliko yote katika maisha yake. Watu walikumbuka maneno yake. Walisema, "Mwero mwenyewe aliapa kuwa si Mbeyu. Kama si Mbeyu, basi waliokufa mwaka ule waliliwa na nani?" Wakajijibu kuwa mchawi bado yumo kijijini, na kwamba aliyewala watoto wale ni yule aliyelala nao nyumba moja. Wakamtaja Shutu, mama yao mzazi. Kweli aliyoisema Petero, kwa kuwa waliipokea nusu, ikawa kamba ya kumfunga mwingine. Wakamtafuta mwenye shoka mwingine kutoka upande wa Samburu.

Asubuhi ya kiraho, mwezi Septemba, Petero alifika akamkuta Shutu ameketishwa chini, mjane aliyekonda, kiganja kimekwisha kupakwa maji ya majani. Akasimama mbele yake. Akasema, "Mimi ndiye niliyelitukana shoka. Desturi inasema anayelitukana shoka sharti alijibu kwanza. Nipitishieni mimi." Wazee hawakuweza kukataa, maana ndivyo desturi isemavyo. Petero alipiga magoti, akafungua kiganja chake cha kulia, akawaambia watu kwa sauti, "Msitazame kiganja changu. Tazameni mkono wake yeye."

Shoka likapita. Petero akasema, "Hii ya kwanza ni nyepesi, hamjaamua." Likapita tena. "Na hii." Watu wakaanza kunong'ona, wengine wakilitaja jina lake. Akasema, "Sasa mnanong'ona. Sasa atasikia. Tazameni." Mara ya tatu mkono wa yule mtu ulipungua, kana kwamba umeamriwa. Mara ya nne, kwa hasira ya kuumbuliwa, aliliweka shoka likakaa. Petero hakuuondoa mkono. Wote waliokuwapo waliisikia harufu.

Alidhani wameona. Alizungusha macho akitafuta uso mmoja uliokwisha kuelewa. Sauti ya mtu fulani nyuma ikasema, "Ameungua. Ni yeye." Na wengine wakaitikia, wakashukuru hata, kwa kuwa mchawi amepatikana na hakuna haja ya kuendelea. Shutu akaachiliwa. Alijifuta kiganja kwa nguo yake, akapita kando ya Petero bila kumtazama. Dzombo, aliyembeba mgongoni utotoni, alimwendea akasema kwa sauti ya chini, "Ondoka kabla jua halijageuka, mdogo wangu. Usiniponze." Jumwa alimfunga mkono kwa kitambaa. Alisema, "Tukienda wote watoto watakula nini? Nenda. Mimi nitabaki nikisemwa." Hayo ndiyo maagano yao.

Alitumia siku sita kwa safari aliyokuwa akiifanya kwa tatu. Alipofika Msambweni mkono ulikuwa umevimba mpaka kiwiko. Mbeyu alikuja mlangoni, akamtazama.

"Wamesikia?"

"Bado, shemeji."

Akauona mkono. "Ni wa kulia," alisema Mbeyu. Kisha akamwambia Mishi, "Leta maji ya chumvi." Walimuosha wao wawili. Mishi alimpeleka kwa daktari, akapata dawa, kidonda kikaonyesha kufunga kisha kikafunguka tena ndani kwa ndani. Kwa miezi mitano Petero aliishi katika kibanda cha jikoni cha Mishi. Kwa mkono wa kushoto aliteka maji kisimani, akawajazia mitungi wajane wa mtaa ule, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, mpaka wakamwita mzee wa maji. Aliwasalimu watoto kwa heshima kama watu wazima. Hakumwomba Mbeyu lolote. Mishi alisema baadaye, "Yule Mkristo alikuwa mgeni asiyechosha. Nimepata wageni wengi wa dini yangu waliochosha."

Mwezi Februari mwaka 1966 homa ilimlaza. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 20, hakuna padre aliyepatikana, na Katana, aliyepelekewa habari, alikuwa bado njiani. Mbeyu aliketi kando ya mkeka akimpungia upepo. Petero akamwambia, "Shemeji, sikuweza kuwaleta. Sina haki ya kulidai neno lile la msamaha. Lakini nikilisikia nitakwenda vizuri."

Mbeyu aliendelea kupunga. Akasema, "Petero, nimelitafuta. Tangu ulipokuja na mkono huo nalitafuta kila siku, sijalipata. Nikilisema sasa nitakuwa nimedanganya, na wewe umeungua ili uongo uishe."

Petero akasema, "Basi usiseme." Kisha, "Ahsante kwa kulitafuta." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yanayojulikana. Alifariki kabla ya saa sita. Mbeyu hakuacha kupunga mpaka Mishi alipomshika mkono. Wakamzika katika shamba la minazi la marehemu mume wa Mishi, kwa ruhusa ya wanawe. Katana alifika siku mbili baadaye, akasoma sala juu ya udongo uliokwisha kukauka, akalia kama mtoto.

Wapo wanaosimulia kuwa homa zilipona kwa udongo wa kaburi hilo. Kanisa halijayapima hayo, na hapa hatuyadai. Linalojulikana ni hili. Mwaka 1967, katika misheni, Shutu, aliyekuwa ameanza kujifunza imani bila kumwambia mtu sababu, alisimama katikati ya ibada, akasema, "Mkono wa yule mwenye shoka wa Samburu ulipungua. Niliuona. Na mwaka ule wa Mbeyu niliuona pia, nikanyamaza kwa sababu nilitaka awepo wa kuchukiwa." Tangu siku hiyo shoka halijatiwa moto katika Mtsangani, na vijana wa leo hawajui jinsi ya kulitia. Shutu na Jumwa walibatizwa siku moja.

Sidi aliteremka pwani akiwa na miaka kumi na mitano. Alisema, "Shikamoo, mama," akaitikiwa, "Marahaba, mwanangu." Alikaa siku tisa. Alipika, mama akala. Mama alisuka, yeye akamkatia majani. Waliagana bila kukumbatiana. Lakini alirudi mwaka uliofuata, na uliofuata. Mbeyu hakurudi Mtsangani. Watu wa kijiji walipokuja hatimaye kumchukua, Shutu akiwa wa kwanza kupiga magoti mlangoni, aliwapa maji na mikeka, akasema, "Mmechelewa. Njia ile sina miguu yake tena."

Mwaka 1970 waumini wa Kinango walikuja wakitaka kuichukua mifupa ya Petero ili wamzike kwao kwa heshima, penye msalaba. Walikuja na sanda mpya na nyimbo. Mbeyu aliwakuta shambani wamekwisha kushika majembe. Hakuwa amebatizwa, wala neno lile hakuwa amelisema, wala hajalisema mpaka leo. Alisimama juu ya kaburi, akawaambia, "Kwenu mlimfukuza. Hapa hafukuzwi mtu. Mwacheni." Wakaweka majembe chini, wakasali pale pale, wakarudi mikono mitupu.

Tumwombe Mungu atupe sehemu ya roho aliyompa mtumishi wake huyu. Nawe msomaji, ikiwa yuko mtu uliyemharibia maisha, usingoje mpaka ujue kuwa atakusamehe. Nenda. Huenda asikusamehe. Nenda hivyo hivyo, na ukifika, mwambie kweli yote, kisha umtekee maji.